Riruta Satellite, ambako kitabu hakilali

Msomaji mpendwa, kabla hujaendelea na chai yako ya Jumapili, nina swali moja. Siku hizi unasoma kitabu gani? Siulizi habari za gazeti hili ulilolishika, wala kitabu cha hisabati cha mtoto unachokikagua jioni. Nauliza juu ya kitabu ulichokichagua mwenyewe, kile kinachokufanya uchelewe kuzima taa.

Kama umenyamaza, usione haya. Nimewauliza watu wengi swali hilo hapa Nairobi, na aghalabu mtu hukohoa kwanza, kisha hutazama kando. Bwana mmoja aliyevaa tai aliniambia, "Mimi shule nilimaliza zamani." Jibu hilo lilinikaa moyoni siku nyingi. Kumbe kwa wengi wetu kitabu ni sare ya shule. Ukishapata cheti unaivua, na hakuna anayetarajia kukuona nayo tena.

Ndipo nilipofunga safari ya kulipeleka swali langu Riruta Satellite, mtaa ulio magharibi mwa jiji, jirani na Kawangware. Nilikwenda huko kwa sababu maduka ya vitabu katika mitaa kama hiyo huuza zaidi vitabu vya shule, kalamu na karatasi za manila. Riwaya ni bidhaa adimu. Nilitaka kujua: pale ambapo kitabu cha hadithi hakimfuati msomaji, msomaji hukipata vipi? Na akikipenda, humwambia nani?

Barabara isiyofika Naivasha

Ukitaka kufika huko, panda matatu katikati ya jiji, ile inayofuata barabara ya Ngong. Utapita Adams Arcade, karibu na soko la Toi lililo upande wa Kibera, ambako watu hupekua mitumba tangu alfajiri. Mbele kidogo utafika Dagoretti Corner, yaliko makao makuu ya idara ya utabiri wa hali ya hewa. Hapo gari hukata kulia na kuingia barabara ya Naivasha.

Jina hilo lisikudanganye. Barabara hii haitakufikisha Naivasha hata ukikesha ndani ya gari. Inapita Riruta Satellite na kuendelea hadi Kawangware, kwenye kituo maarufu kiitwacho 46, kilichorithi jina kutokana na nambari ya magari yanayokwenda huko. Jina la Satellite nalo lisikupe matumaini makubwa. Usitazame juu ukitafuta chombo cha angani. Tazama chini, usije ukakanyaga nyanya za watu.

Siku niliyofika ilikuwa Jumapili yenye mawingu. Kanisa moja lilikuwa likiimba huku, jingine likihubiri kule, na vipaza sauti vikijibizana juu ya mapaa ya mabati. Kando ya barabara ghorofa za mawe zimesimama bega kwa bega na vyumba vya mabati. Fundi viatu amekaa kwenye kigoda chake, mchoma mahindi anapepea makaa, na kijana mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji anapiga mbinja ili apishwe. Huu ni mtaa wa watu wanaoamka mapema na kurudi wamechoka. Je, watu hawa husoma saa ngapi?

Mavuno ya Desemba

Jibu la kwanza nililipata kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Huko mjini wauzaji wa aina yake utawakuta kwenye vijia vya Tom Mboya na Moi Avenue, na wanunuzi wameziita biashara zao "inama", kwa maana huwezi kuchagua kitabu bila kuinama. Huyu wa Satellite ametandaza gunia, na juu yake amepanga Biblia mbili, vitabu vya marudio, James Hadley Chase aliyepoteza jalada, na rundo la riwaya na tamthilia za Kiswahili.

"Hizi zote umezitoa wapi?" nikamwuliza.

"Desemba ndiyo mavuno yangu," akajibu. "Watahiniwa wakimaliza karatasi ya mwisho huja na mifuko. Mwingine hataki hata kuhesabu pesa. Anataka tu kitabu kitoke nyumbani kwao."

Hapo kuna jambo ambalo wazazi na wanafunzi wanapaswa kulitafakari. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima, na mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989. Tangu hapo kila kizazi cha wanafunzi kimepewa riwaya yake. Kuna waliosoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, kuna wa Siku Njema na wa Kidagaa Kimemwozea, zote mbili za Ken Walibora, kuna wa Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na kuna hawa wa karibuni wa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Ukitaka kukisia umri wa Mkenya bila kumkosea adabu, mwulize aliisoma riwaya gani katika kidato cha nne.

Waama, serikali imetufanya tusome vitabu vizuri. Lakini tumevisoma kama mtu anayemeza dawa. Mwanafunzi anatafuta maudhui, anatafuta sifa za wahusika, anatafuta tamathali za usemi, na akiona uvivu ananunua mwongozo asisome hadithi yenyewe. Siku ya mtihani ikipita, kitabu kinaingia kwenye mfuko wa kwenda kuuzwa. Muuzaji wangu alinionyesha nakala moja iliyoandikwa majina ya wanafunzi watatu ndani ya jalada, kila jina likiwa limekatwa na la mwenziwe kuandikwa chini. Nakala hiyo aliiuza shilingi 50.

"Kitabu kikitoka kwenye mtihani, bei yake huanguka kama nyanya zilizoiva sana," akaniambia. Kisha akatabasamu. "Lakini hapo ndipo wasomaji wangu wa kweli hufika. Anayenunua kitabu kisicho na mtihani, huyo anataka kusoma."

Bei si jambo dogo. Sheria ya ushuru wa VAT ya mwaka 2013 iliweka asilimia 16 juu ya vitabu, na kwa familia inayopanga unga, nauli na kodi ya nyumba, kitabu kipya cha hadithi husukumwa hadi mwisho wa orodha. Ndiyo maana wasomaji wa Satellite huishi kwa kitabu kilichotumika na, zaidi ya hapo, kwa kitabu cha kuazima.

Kinyozi na sheria yake

Hatua chache kutoka hapo kuna kinyozi. Juu ya rafu ya kioo, kati ya chupa ya spiriti na poda, amelaza kitabu kilichofungwa kwa gazeti kuukuu. Ni My Life in Crime, kitabu ambacho John Kiriamiti alikiandika akiwa gerezani na kikatolewa mwaka 1984. Wazee wengi wa leo walikisoma wakiwa vijana, wakikificha wazazi wasikione.

Kinyozi huyu amekisoma mara mbili. Wateja wakisubiri zamu huchukua kitabu na kuendelea pale walipoachia, kila mtu na kipande chake cha karatasi kama alama. Nilihesabu vipande vitano. Sheria ya kibanda ni moja tu: kitabu hakitoki nje.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Cha kwanza kilitoka hakikurudi," akasema huku akipuliza nywele kwenye mashine. "Na hiki kinaniletea kazi. Kuna kijana amenyolewa mara tatu mwezi huu. Nywele hana, lakini anataka kujua kilichotokea."

Watu waliokuwa wakisubiri waliangua kicheko. Kisha, bila mimi kuuliza tena, wakaanza. Mmoja alisema kitabu kile kinawafunza vijana ujambazi. Mwingine akasema la hasha, mwandishi anaonyesha wazi jinsi uhalifu ulivyomgharimu. Wa tatu, aliyekuwa na povu nusu ya kidevu, akataka kujua iwapo tungemsikiliza mtu huyo kama hangekuwa mhalifu kwanza. Nimehudhuria mihadhara ya fasihi ambayo haikufika mbali hivyo.

Mchezo wa kuigiza kwenye kibanda cha mboga

Nikielekea upande wa Kabiria nilikutana na jambo ambalo sikulitarajia. Mama mboga alikuwa akikatakata sukuma wiki kwa kasi ya ajabu, na kando yake, juu ya kreti la soda, binti yake wa kidato cha nne alikuwa akisoma kwa sauti. Kitabu kilikuwa Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Inahusu familia ya Sara, mama mgonjwa, na Neema, bintiye anayeyabeba matibabu yake.

Binti alikuwa akisoma maneno ya Neema. Ilipofika zamu ya Sara alinyamaza, akamtazama mama yake. Mama akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akachukua kitabu, akasoma. Alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole, maana shule aliiachia darasa la sita. Mwendesha bodaboda aliyekuja kununua vitunguu aliombwa awe Yona, mume wa Sara. Akakubali, ila akasema aongezewe dania.

Nilipoketi nao mama aliniambia walianza kama mzaha. Binti alikuwa akilalamika kwamba tamthilia haiingii kichwani. Mama akamwambia, "Basi nisomee mimi, huenda kikaingia changu." Sasa kuna wateja wanaouliza hadithi imefika wapi kabla hawajauliza bei ya nyanya.

"Na wewe, mama, umeonaje?" nikamwuliza.

Alifikiri kidogo. "Kastoma wangu, nimeona kuna mambo ambayo sikuwahi kuzungumza na mtoto huyu. Kwamba nitazeeka. Kwamba nitaugua. Anayasoma huko kwenye kitabu nami nayasikia, halafu tunazungumza juu ya Sara. Lakini tunajua hatuzungumzi juu ya Sara." Kisha akaongeza kwa sauti ya juu ili bintiye asikie, "Nimemwambia siku hiyo ikifika asiuze kibanda changu."

Binti akainamisha kichwa akicheka, lakini niliona amekumbatia kitabu kile kifuani.

Usidhani desturi ya kusomeana ni ya kigeni. Katika pwani yetu tenzi zilighanwa zikasikilizwa na watu ambao wengine wao hawakuwahi kushika kalamu. Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi mnamo mwaka 1858, na hadi leo wasomi wa fasihi wanaudurusu. Yale yalikuwa mazungumzo ya mama na binti, kama haya ya kibandani. Hata ng'ambo jambo hili lipo. Kule Kuba, tangu mwaka 1865, wafanyakazi wa viwanda vya sigara walikuwa na msomaji wao, anayeketi mahali palipoinuka na kuwasomea magazeti na riwaya huku mikono yao ikiendelea kusokota tumbaku. Mikono ina kazi, lakini masikio yako huru. Mama mboga wa Satellite amegundua siri hiyo hiyo bila kuambiwa na mtu.

Milango iliyofungwa na iliyofunguliwa

Huenda ukauliza, na maktaba je? Ni swali la haki. Jiji hili lina historia chungu ya vitabu. Maktaba ya McMillan, lile jengo lenye nguzo na simba wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Mwananchi wa wakati huo aliweza kupita nje tu, akaona vitabu kwa macho ya mawazo. Hivi karibuni shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017, limejitwika kazi ya kuifufua McMillan pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Lakini Kaloleni na Makadara ziko upande wa mashariki wa jiji, na Satellite iko magharibi. Huduma ya Taifa ya Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ina tawi Kibera, na mwanafunzi wa Satellite mwenye bidii anaweza kulifikia. Mwanafunzi ndiyo. Lakini mama anayefunga kibanda saa tatu za usiku, au mlinzi anayeingia kazini jua likizama, maktaba gani itamngoja? Kwa watu hao maktaba ni jirani. Jirani asiposema anachokisoma, maktaba hiyo imefungwa.

Mlinzi wa lango

Maneno hayo juu ya mlinzi sikuyatoa hewani. Usiku ule nililala kwa rafiki yangu anayeishi kwenye ghorofa moja karibu na kituo. Nilirudi saa nne kasoro, nikagonga lango la chuma. Mlinzi, mzee wa makamo mwenye koti zito na kofia ya sufu, alinifungulia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kitabu, na kidole kimoja kimezuia ukurasa.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Unasoma nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nasoma Siku Njema. Nilikipata pale kwa kijana wa gunia."

Siku Njema, kwa wale ambao hawakuisoma, ilitoka mwaka 1996. Inamhusu Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga anayemtafuta baba yake asiyemjua, na njia ikampeleka hadi Kitale. Mwandishi wake, Ken Walibora, alikulia Trans Nzoia. Aliwahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Riara, kisicho mbali na barabara ya Ngong, na alifariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na gari hapa Nairobi. Wapenzi wa Kiswahili wangali wanamlilia.

Nilifurahi kukutana na msomaji mwenzangu, nikaanza kubwabwaja. Nikasema, "Ah, mzee, na ukifika pale mwisho, wakati Kongowea..."

Alinyosha mkono kama anayesimamisha gari. "Usiniambie mwisho."

Nikanyamaza. Akanikaribisha kwenye kijumba chake cha langoni, akanipa ubao niketi, akanimiminia chai ya rangi kutoka kwenye chupa. Tukakaa kimya tukisikiliza mbwa wa Kawangware. Hatimaye akasema yeye ni mtu wa Kitale. Alikinunua kitabu kwa sababu alifungua ukurasa mmoja pale guniani, macho yakaangukia jina la kwao.

"Nilidhani nitasoma habari za nyumbani," akasema. "Kumbe kitabu kinanisoma mimi."

Alinieleza kwa maneno machache. Miaka sita iliyopita aliuza kipande cha shamba la mahindi bila kumwambia mtu, akitumaini kuanzisha biashara. Matapeli wakamtoka nazo pesa zote. Mwanawe mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akililima shamba hilo, alipojua, walikosana vibaya. Mzee akapanda basi la Nairobi. Pesa hutuma kwa mkewe kila mwezi, lakini kwa sauti ya kijana wake hajaisikia tangu siku hiyo.

"Sasa fikiria," akasema akigonga jalada kwa kidole. "Huyu mtoto hamjui babaye hata kwa sura. Anatoka Tanga hadi Kitale akimtafuta. Nchi mbili. Mimi wangu namjua, naye ananijua. Na kutoka hapa hadi Kitale ni nauli ya usiku mmoja."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwuliza amefika ukurasa gani. Akanionyesha. Alikuwa amepita nusu, na alisema anasoma kurasa mbili au tatu tu kila usiku. Nilidhani ni kwa sababu ya kazi au ya mwanga hafifu. Akatikisa kichwa.

"Naogopa kumaliza," akasema. "Kama baba atakataliwa, nitajua. Kama atapokelewa, nitajua pia, na hapo sitakuwa na sababu ya kukaa hapa."

Msomaji, nimekieleza kitabu hicho darasani nilipokuwa mwanafunzi. Niliandika insha juu ya dhamira ya utafutaji, nikapata alama nzuri. Usiku ule nilitambua kwamba sikuwahi kukisoma.

Ukitaka kuanza

Kabla sijakuambia nilichokikuta niliporudi, nikuachie mambo machache niliyojifunza kwa wasomaji wa Satellite, huenda yakakufaa nyumbani kwako au bwenini.

Kwanza, kitabu unachokisoma kiweke mahali kinapoonekana. Kinyozi angekifungia kabatini asingepata hata mbishi mmoja. Pili, ukiazima, andika jina lako na la mwenye kitabu kwenye karatasi ndani ya jalada, pamoja na tarehe. Haya hulinda mali kuliko kufuli. Tatu, someaneni kwa sauti, hata kurasa mbili baada ya chakula cha jioni, na mtoto asome sehemu ya mzazi, mzazi asome ya mtoto. Nne, mkubwa wa nyumba asome mbele ya watoto. Mtoto anayemwona babaye na kitabu hatahitaji kuambiwa kwamba kusoma hakuishi siku ya mtihani. Tano, mtu akikuambia anachokisoma, mwulize kimemgusa wapi kabla hujamwambia wewe unavyokijua.

Na usimwambie mwisho.

Mimi mwenyewe, kwa kuwa nimekuuliza wewe, ni haki nijibu. Ninasoma Nasikia Sauti ya Mama, tawasifu ya huyo huyo Walibora, iliyotoka mwaka 2014. Niliazima kwa rafiki yangu wa ghorofa ya tatu asubuhi ile nilipokuwa nikiondoka Satellite. Nilimwambia nitamrudishia baada ya wiki mbili, na nilipanga baada ya hapo nimwombe ruhusa nimpe mlinzi wa lango, maana nilidhani atakuwa amekaribia kumaliza cha kwanza.

Wiki mbili zilipotimia nilirudi, Jumapili jioni, kitabu kikiwa kwapani. Nikagonga lango. Likafunguliwa na kijana nisiyemjua, sare imempwaya mabegani.

"Namtafuta mzee wa hapa," nikasema.

"Ameomba ruhusa," kijana akajibu. "Alipanda basi la usiku juzi, Ijumaa. Alisema anakwenda nyumbani kumwona mtoto." Akanitazama kwapani. "Wewe ndiwe mtu wa vitabu? Aliacha maneno. Alisema kitabu amekwenda nacho, bado kurasa kama thelathini. Atazimalizia huko."

Nilisimama pale langoni, matatu za kwenda 46 zikipiga honi nyuma yangu. Kisha nikamwuliza kijana yule kama usiku huwa mrefu. Akasema mrefu sana. Nikampa kitabu nilichokuwa nacho, nikapanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu kumweleza mwenyewe.

Sasa nawe, msomaji, nakurudishia swali langu. Unasoma nini siku hizi? Usinijibu mimi. Kuna mtu hapo mezani, au upande wa pili wa ukuta, au langoni. Mwambie yeye.